Mtani Haombi Chekeche

Chakula kilikuwa tayari tangu saa sita kasorobo, lakini hakikuwa na ruhusa ya kuliwa. Pilau limeiva, mchuzi wa nyama umetulia juu ya makaa, kachumbari imeanza kutoa maji, na watu mia moja na arobaini wamekaa ndani ya ukumbi wa shule pale Kibiti wakinusa. Harufu iliingia bila kizuizi, maana vioo vya madirisha viliondoka pamoja na chama cha ushirika kilichoutunza. Amri ilikuwa moja: asile mtu mpaka mwenye chakula aseme.

Mwenye chakula hakuwa mpishi, wala hakuwa mkulima wa huo mchele. Alikuwa ni kampuni ya kuuza mitambo, Zinduka Mitambo ya Dar es Salaam, iliyodhamini chakula cha mchana cha Kongamano la Wadau wa Mpunga. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na sita, kila kitu ruksa. Na taratibu za makongamano watu walishazijua. Anayedhamini soda hupewa dakika tano za kusema. Anayedhamini kalamu na daftari, dakika kumi. Anayedhamini nyama husema mpaka achoke mwenyewe.

“Hawa wana akili,” alisema Bi Johari, mpishi mkuu, huku akifunika sufuria kwa sinia. “Mtu mwenye njaa haulizi swali. Anapiga makofi tu ili mambo yaishe.”

Waride, mmoja wa wapishi wake, alikuwa amechuchumaa akisuuza sahani za mwisho, jicho liko barazani. Alikuwa ametoka Chumbi alfajiri, akavuka mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, akaomba kazi ya kupika kongamanoni. Si kwa ajili ya ujira. Aliomba kwa sababu jiko lilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye baraza, na barazani, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, ilikuwepo mashine ya kukoboa mpunga, ya kijani, inang’aa kama imepakwa mafuta ya nazi. Na ndani ya mashine ile lilikuwemo chekeche.

Chekeche ni bati tu. Bati gumu lenye vitundu, limekunjwa kama mfereji, linakaa chini ya roli, chuma kinachozunguka na kumenya mpunga. Mchele unabaki, pumba zinapita. Waride na mumewe Mwinjuma walikuwa na mashine kama ile huko nyumbani, waliyoinunua kwenye kongamano la mwaka uliotangulia, kwa kuuza minazi thelathini aliyoachiwa Waride na baba yake huko Salale. Mashine ilikoboa miezi mitano. Chekeche likatoboka. Wakaandika barua tatu, hazikujibiwa. Mwinjuma akapanda basi mpaka Dar, akaifuata anwani iliyo kwenye risiti, akakuta duka la mapazia. Sasa mpunga ulikuwa umeiva bondeni, wanawake wa Chumbi wamerudi kwenye mchi, na Ahmed mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa ameshapatana na Mwinjuma. Angekuja Jumamosi na lori na mzani. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

“Hamjambo akina mama!” Sauti ilitangulia, mtu akafuata. Kijana mwenye tai nyekundu aliingia jikoni, akafunua sufuria, akachovya vidole viwili na kutoka na kipande kikubwa cha nyama, kile chenye mafuta. “Mimi Hilari, wa masoko. Mnyamwezi wa Tabora. Na nyie ni Wandengereko, kwa hiyo msinitolee macho. Mtani haombi!”

Wanawake wakacheka. Bi Johari akamtishia kwa upawa.

“Haya, kula, mtani. Umetoka mbali na mzigo kichwani.”

“Siku hizi tunabeba kwa pikapu, Bi mkubwa!” Hilari akaondoka akitafuna.

Waride akajifuta mikono, akamfuata barazani.

“Baba, samahani. Naomba chekeche.”

Hilari alikuwa akipanga kofia mezani. Aliinua macho, akatabasamu lile tabasamu wanalofundishwa kwenye semina. “Chekeche la nini, mama?”

“La mashine kama hii. Tuliinunua kwenu. Sisi ndio wa Chumbi.”

“Ahaa, hongera! Nyie ni wateja wetu wa thamani. Ila leo nimekuja kwa mambo ya kongamano. Spea ni idara nyingine.”

“Hiyo idara iko wapi?”

“Inaundwa.” Akamsogezea daftari nene. “Andika jina lako hapa kwanza. Kila jina, kofia moja.”

Waride akaandika. Lilikuwa jina la mia moja themanini na saba, wakati ukumbini mlikuwa na watu mia na arobaini. Wengine walikuwa wameandikisha shangazi zao, na mmoja alimwandikisha marehemu babu yake, kofia ikapatikana. Jioni daftari lile lingepelekwa Dar, na huko lingehesabiwa kuwa ni wakulima waliovutiwa na teknolojia. Hilari akampa kofia, na juu yake karatasi laini yenye picha na maandishi ya Kiingereza mbele na nyuma.

“Maelezo yote yamo humo, mama. Na kama kuna kijiti cha meno huko jikoni, niletee.”

Aliposimama pale na karatasi asiyoweza kuisoma, Waride alinyanyua macho. Ukutani palitundikwa kitambaa kipana kama mlango, na juu ya kitambaa alikuwepo mumewe. Mwinjuma kabisa, amesimama kando ya mashine yao siku ile ya kwanza, meno yote nje. Chini yake: MWINJUMA WA CHUMBI, MAISHA YAMENYOOKA.

“Umeiona?” Mwinjuma mwenyewe alikuwa nyuma yake. Alikuwa amevishwa fulana ya kampuni, inambana tumboni, na mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne.

“Baba Iman, hicho nini?”

“Ushuhuda. Wamenichagua nitoe ushuhuda. Nitasoma tu, wameshaniandikia.”

“Ushuhuda wa nini? Mashine imegeuka kiota cha kuku!”

“Punguza sauti, mke wangu. Mwenye shida haringi. Nikiwasemea vizuri mbele ya mgeni rasmi, watatukumbuka.”

“Wakukumbuke mara ngapi? Wamekuchora mkubwa kuliko mlango wa nyumba yako.”

Mwinjuma akakikunjua kikaratasi, akakikunja tena. Alikuwa mtu mwema aliyelelewa na enzi za kusubiri zamu, na hakujua kwamba zamu zilikuwa zimefutwa. Zamani, chekeche likitoboka, ulikwenda bohari la ushirika, ukamwamsha mtunza bohari, ukamsikiliza akilalamika juu ya miguu yake, akakutolea chekeche lenye vumbi. Watu walimtukana sana yule mzee kwa uvivu. Wakashangilia bohari lilipofungwa, kwa kuambiwa kwamba soko litaleta. Soko lilileta kofia.

*

Ukumbini, Hilari alikuwa ameshika kipaza sauti kama mtu aliyeshika kuku wa kuchinja. Mstari wa mbele alikaa mgeni rasmi kutoka wilayani, na kando yake Bwana Felix, mkurugenzi wa Zinduka, miwani myeusi ndani ya nyumba. Wapishi waliruhusiwa kusimama mlangoni.

“Nyie Wandengereko ni watani zangu!” Hilari alifungua hivyo, na ukumbi uliokuwa umelala ukaamka. “Babu zetu walipita kwenu na meno ya tembo begani, mkawauzia maji ya kunywa. Maji! Na Rufiji yote ile inapita bure!”

“Mliyanywa na hamkulipa mpaka leo!” mtu alijibu kutoka nyuma.

“Nitalipa kwa teknolojia! Maana nawaonea huruma. Wake zenu wana viganja vigumu kuliko mchi. Ukisalimiana na mama wa Kindengereko, unakwenda hospitali ya Mchukwi kushonwa!”

Ukumbi ukaangua kicheko. Bi Johari akapaza sauti kutoka mlangoni: “Na wewe, mtani, babu yako alibeba mizigo ya watu na wewe unabeba ya watu! Lini mtabeba ya kwenu?”

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, hata mgeni rasmi alifuta machozi. Hilari alicheka pia, ila alichelewa kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba ndani ya kiatu. Akamwita shahidi.

Mwinjuma alisoma. Alisoma yote, neno kwa neno, kwa sauti ile ya mtu anayesoma barua ya msiba: tangu anunue mashine ya Zinduka hajajuta, ameezeka bati, amesomesha. Wakulima kumi na wawili wa Chumbi waliokuwa ukumbini waliingiwa na kikohozi kwa pamoja. Wake zao walikuwa wametwanga usiku uliopita. Mwinjuma alipomaliza, makofi yalipigwa, maana pilau lilikuwa linaendelea kunukia, na yeye akarudi kuketi akitazama miguu yake. Waride aliona masikio ya mumewe yametota jasho. Angeweza kumkasirikia. Akawakasirikia walioandika.

Mashine ikaingizwa ndani kutoka barazani. Injini ikanguruma, debe la mpunga likamiminwa, mchele ukatoka mweupe kama meno ya mtoto. Watu wakainuka kuona. Hapo Hilari akafanya kosa lake. Hakuwa na haja ya kulifanya, lakini msemaji akishaona watu wamesimama hajui kunyamaza.

“Na urahisi wake!” Akazima injini, akafungua komeo mbili, akavuta chekeche na kuliinua juu kwa mkono mmoja. “Hakuna fundi, hakuna spana! Hata mama wa jikoni anaweza kulitoa na kulirudisha. Nani aje ajaribu? Njooni, watani zangu, msiogope chuma!”

Waride alikuwa ameshafika nusu ya ukumbi.

Alipokea chekeche kwa mikono miwili, kwa adabu, akapiga goti kidogo kama anavyopokea mke kitu kutoka kwa mgeni. Akaligeuza. Akapima kwa shubiri: lile lile, tundu kwa tundu. Akavua kanga yake ya juu, akalifunga, akafunga fundo la kwanza, la pili, akaliweka kichwani.

“Rudisha basi, mama,” Hilari alisema kwenye kipaza sauti. “Lirudishe waone.”

“Mtani haombi,” Waride akasema. Akageuka, akatoka.

Kisha ukumbi wote ukapasuka. Watu walipiga meza, walirusha kofia za kampuni juu, mzee mmoja wa Mbwara alikaa chini sakafuni kabisa akishika mbavu. Bwana Felix alisimama, miwani mkononi.

“Huu ni wizi! Nani mwenye ulinzi hapa? Mwiteni polisi!”

“Nani huyo amekasirika?” aliuliza Bi Johari, ameziba mlango kwa mwili wake wote, na haukuwa mwili wa kuzungukwa. “Kwenye utani anayekasirika analipa mbuzi. Huyu kijana wenu alikula nyama yangu muda si mrefu bila kuomba, mashahidi wapo. Kala yeye, kachukua mwenzie. Kitu cha mtani hakiporwi, kinakombolewa.”

Felix akamgeukia mgeni rasmi. Mgeni rasmi alitazama mlango, akatazama saa, akavuta pumzi ndefu yenye karafuu na mdalasini.

“Hili ni suala la kimila,” alisema. “Serikali haiingilii mila. Tule.”

*

Baada ya chakula Hilari alikuja jikoni peke yake, tai imelegea. Alikaa juu ya kinu kilichogeuzwa. Waride alikuwa anasugua sufuria, chekeche liko mapajani mwake ndani ya kanga.

“Umeniweza, mtani. Sasa nikomboe. Elfu tano.”

“Ongeza maji kwenye ndoo hiyo, nisuuze.”

Akaongeza. “Elfu kumi. Ishirini! Zangu mwenyewe hizi, si za kampuni.”

“Kwa nini za kwako? Si mtoe jingine huko Dar, mtie kwenye mashine yenu?”

Hilari akatazama mlangoni, akashusha sauti. “Hakuna.”

“Hakuna Dar?”

“Hakuna nchini. Lililobaki ni hilo ulilolipakata.”

Waride akaacha kusugua.

“Spea ina faida ya senti, mama. Mashine ina faida ya kweli. Basi wanaleta mashine.” Aliongea kama anasoma karatasi aliyoandikiwa, kisha akaiacha. “Mimi silipwi mshahara. Nalipwa kwa kila mashine nitakayouza, na tangu Januari sijalipwa hata hiyo. Jumatatu tuna maonyesho Kilwa. Bosi ametangulia na gari lake, kaniambia nikifika bila chekeche nisifike. Mke wangu Recho ana mimba.”

“Pole,” Waride alisema, na alisema kweli. Pale barazani alikuwa amemwona kama tai nyekundu yenye miguu. Sasa alimwona mtu aliyepanga kofia za watu wengine mezani. Lakini pole si mpunga.

“Mimi nami Jumamosi napimwa kwa kilo,” akasema. “Ahmed anakuja na mzani achukue mashine yangu kwa bei ya misumari. Sasa sikiliza. Barabara ya Kilwa inapita Chumbi. Jumamosi pita kwangu ukomboe.”

“Kwa bei gani?”

“Sitaki pesa. Utakoboa mpunga wa watu watakaokuwa kwenye foleni. Foleni ikiisha, fungua komeo zako mbili, chukua chekeche lako, nenda na Mungu.”

Hilari alipiga hesabu. Kijiji, asubuhi, wanawake wangapi? Akanyoosha mkono. “Mpaka foleni iishe?”

“Mpaka iishe.”

Wakapeana mikono, na Bi Johari akashuhudia kwa kugonga upawa kwenye sufuria.

*

Jumamosi Ahmed ndiye aliyefika wa kwanza. Lori lake lilirudi nyuma mpaka kwenye kibanda, likasimama, na alipozima injini akasikia nyingine ikiunguruma ndani. Akaingia. Mwinjuma alikuwa amejaa vumbi la pumba mpaka kope, akimimina mpunga wa jirani.

“Mwinjuma, tulipatana.”

Waride alifungua mdomo, lakini mumewe alitangulia. “Tulipatana chuma chakavu, ndugu yangu. Hiki si chakavu. Sikia.” Wakasikiliza wote wawili. “Juzi nilisema uongo mbele ya watu mia. Leo sina nguvu ya kusema mwingine.”

Ahmed alichota mchele kiganjani, akaupuliza, akatafuna punje mbili. Mfanyabiashara hanuni pasipo na faida ya kununa. “Mnakoboa debe kwa kiasi gani?” aliuliza, na alipojibiwa akaondoka kwenda kutafuta magunia ya mpunga.

Hilari alifika saa nne na pikapu, nyuma yake mashine ya maonyesho imefunikwa turubai. Alihesabu foleni: wanawake kumi na mmoja.

“Kumi na mmoja!” Akacheka, akavua koti. “Mtani, umenionea huruma. Saa sita niko njiani.”

Alikuwa mkoboaji mzuri. Hilo walilisema wote. Alijua sauti ya roli ikishiba na ikiwa na njaa, alikaza kisu cha mashine bila kuambiwa, akawafundisha wanawake kuanika mpunga siku moja zaidi ili usivunjike. Hakuna aliyewahi kuwaeleza hayo, maana kwenye makongamano anayejua mashine hupewa kipaza sauti badala ya mpunga. Saa sita alikuwa amekoboa watu kumi na wanane. Akainua kichwa. Kwenye foleni walikuwepo ishirini na tisa.

“Hawa wametoka wapi?”

“Mashambani,” alisema Waride. “Wamesikia mlio.”

Wakamletea wali wa mpunga ule ule na samaki wa kukaanga, akala amesimama. Mchana walikuja wengine kutoka madungu ya mbali, wameshuka kwenye vibanda vyao vya kulindia ndege, mpunga kichwani. Baiskeli zikaja. Magunia sita ya Ahmed yakaja. Pumba zilimgeuza Hilari nywele na nyusi kuwa nyeupe, akafanana na babu yake yule wa meno ya tembo, na wanawake hawakuacha kumwambia hivyo. Alasiri, alipomimina debe ambalo hakulikumbuka namba yake, aliipunguza injini mwendo, akatoka nje ya kibanda. Foleni ilikuwa imepita nyumba ya Mwinjuma, imepita msikiti, imekunja kona.

“Mtani,” aliita taratibu. “Foleni hii inaisha lini?”

Waride alikuwa anapepeta. Hakuacha.

“Mwezi wa nane,” akasema. “Mavuno yakiisha.”

Wote wakamtazama Hilari usoni, na wengine walikuwa wameshaanza kufikiria mbuzi wa faini: wa rangi gani, na achinjwe wapi. Hilari akatazama pikapu. Akatazama barabara ya Kilwa, ambako Bwana Felix alikuwa anatundika kitambaa. Midomo yake ikatetemeka, shavu likavimba, na kilichotoka kilikuwa kicheko, kirefu, cha mtu aliyefungwa mwaka mzima na leo kafunguliwa. Akavua tai iliyokuwa inataka kumezwa na mkanda wa injini, akafungia nayo mdomo wa gunia la bibi aliyekuwa mbele.

“Mwinjuma, lete mpunga,” akasema. “Na mtu amwandikie Recho barua, aje. Nani anafuata?”